Saa Hii

Ziligawiwa Jumatatu, ndani ya sanduku la viatu:
saa nyeusi, mkanda wa mpira, mia moja na arobaini.
Gurdev msimamizi akaniambia, nyoosha mkono.
Nikadhani ni zawadi.
Miaka kumi na tisa nafagia Sekta ya Ishirini na Mbili,
sijapewa hata glavu.

Haina mishale saa hii.
Ukiiuliza wakati, kimya.
Inachokionyesha ni mimi:
huko ofisini, ghorofa ya tatu, penye kiyoyozi,
mimi ni nukta ya kijani kwenye ramani.
Nikisimama nageuka njano.
Nikivuka barabara kuomba maji kwa fundi cherehani, nyekundu,
na nyekundu ni nusu ya mshahara wa siku.

Santro aliingia chooni nyuma ya soko,
tumbo lilimchafuka. Dakika kumi na moja.
Jioni akaitwa.
Kijana wa kompyuta, rika la kitinda mimba wake,
akamuuliza mbele ya wanaume wanne:
"Dakika kumi na moja, ulikuwa unafanya nini?"
Santro ana miaka hamsini na minane.
Alitazama vidole vya miguu yake. Akakatwa.

Tangu siku hiyo hatunywi maji asubuhi.

Usiku lazima ilale kwangu, ichajiwe; ikizima, faini.
Ina kitundu ubavuni. Kusum anasema kinasikia,
Gurdev anasema ni cha jasho.
Niliiviringisha kwenye mtandio, nikaizika ndani ya debe la unga,
kisha nikamnong'oneza mume wangu habari za deni
kama mwizi katika nyumba yangu mwenyewe.
Mgeni siku ya tatu mpe jembe, husemwa.
Huyu siku ya tatu alikuwa keshajua bei ya dawa zangu.

Nukta tano zikikaribiana, simu ya Gurdev hulia.
Mbili haidhuru, mipaka ya sekta hugusana.
Basi Parmeshri akaanza na neno moja,
akaniachia kwenye mzunguko wa barabara,
kidevu chini, ufagio haukusimama.
Nikalisukuma hadi kwa Kusum, Kusum hadi kwa binti wa Bhateri,
pamoja na majani makavu na vikombe vya chai.
Siku nne, neno likavuka mji.
Kwa wengine lilifika limepungua, kwa wengine limeota mkia:
Chandro aliambiwa tunagoma,
Angoori aliambiwa kuna harusi.
Wote walikuja.

Alhamisi, saa moja asubuhi, tulizivua.
Kila mkono ulibaki na pete nyeupe ya ngozi isiyoona jua.
Tukazimwaga kwenye mkokoteni wa Santro,
ule wenye gurudumu linalolia, tukaufuata nyuma.
Ghorofa ya tatu wakaona ramani ikimomonyoka,
sekta baada ya sekta inazima,
nukta mia moja na arobaini zimekuwa nukta moja,
na nukta hiyo inawajia.

Sitasema tulishinda.
Choo tumeahidiwa. Glavu zimefika, za mkono wa kushoto tu.
Saa zimefungiwa kabatini, na nasikia kuna aina nyingine, ndogo zaidi.

Lakini siku ile, Parmeshri alipomaliza kusoma karatasi,
madai saba, muhuri wa chama chetu bado mbichi,
Santro alijipenyeza hadi mbele, mbele ya yule kijana.
"Mimi nina langu," akasema.
"Zile dakika zangu kumi na moja. Zifute."
Kijana akabofya, akabofya.
"Mfumo hauruhusu, mama."
Santro akaketi sakafuni, akatandaza sketi yake
kama mtu aliyefika kwake.
Nasi tukaketi, ngazi zote tatu, hadi barabarani.
Kijana akafuta kioo cha miwani.
"Mnataka zifutwe saa hii?"

Santro akainua mkono, mtupu.

"Saa hii."